Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Zimamoto na Jamii Katika Kinga ya Moto

Mazungumzo haya yanahusu namna vyombo vya zimamoto vinavyoshirikiana na jamii ili kuimarisha usalama wa maisha na mali, nayo yamejengwa juu ya hoja moja: kwamba ushindi dhidi ya moto, uwe wa mjini au wa kijijini, huamuliwa katika dakika za mwanzo kabisa, wakati gari la zimamoto bado liko njiani au hata halijaitwa, na kwamba kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya zimamoto haina budi kufanyika kabla moto haujawaka, tena mikononi mwa watu wasiovaa sare. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kituo cha zimamoto, hata kikiwa na magari mapya na askari hodari, ni fimbo ya mbali kwa nyumba inayoungua. Fimbo ya karibu ni jirani, mlinzi wa usiku, mwalimu wa zamu, mama lishe na dereva wa bodaboda, ambao huwa wa kwanza katika tukio kwa kuwa tayari wapo hapo.

Jina la chombo chenyewe huficha upana wa kazi yake, kwa kuwa neno zimamoto hutaja kuzima tu, ilhali wajibu wake umekwenda mbali zaidi ya hapo. Katika Tanzania Bara, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, linaongozwa na sheria iliyotungwa mwaka 2007. Zanzibar inacho chombo chake, ambacho ni Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Na nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliweka huduma ya kuzima moto na kukabili majanga katika orodha ya majukumu ya serikali za kaunti. Miundo hiyo inatofautiana, lakini kazi zinafanana, nazo ni nne: kuzuia moto usitokee, kwa njia ya elimu na ukaguzi, kuandaa watu na mahali ili moto ukitokea usienee, kuzima moto na kuokoa walionaswa, na kuchunguza chanzo ili kosa lisirudiwe. Katika kazi hizo nne, ile ya tatu ndiyo inayoonekana na kusikika kwa king'ora, lakini ndiyo pia inayofika wakati hasara imekwisha kuanza, na zile nyingine tatu haziwezi kufanyika hata kidogo bila wenye nyumba, wenye maduka, walimu na viongozi wa mitaa kufungua milango yao.

Ili kuelewa kwa nini dakika za mwanzo zina uzito huo, inafaa kukumbuka kwamba moto huhitaji vitu vitatu kwa pamoja, yaani kitu cha kuungua, joto la kutosha na hewa ya oksijeni, na kwamba wakufunzi wa zimamoto huviita vitu hivyo pembetatu ya moto kwa sababu upande mmoja ukiondolewa, pembetatu huvunjika na moto hufa. Moto mchanga unaweza kuvunjwa kwa mfuniko wa sufuria, kwa ndoo ya mchanga au kwa mtungi mmoja wa kuzimia moto. Moto uliokomaa hauvunjiki hivyo, kwa sababu joto lake huvipasha vitu vilivyo jirani, kama vile godoro, pazia na dari, hadi vitoe gesi zinazowaka, na hapo chumba kizima huweza kugeuka mwali mmoja katika muda wa dakika chache. Hesabu ya maji nayo ni kali: gari lenye tangi la lita 5,000 likimwaga lita 1,000 kwa dakika huishiwa maji baada ya dakika 5, na lisipopata mahali pa kujaza upya karibu na tukio, askari wake hubaki wamesimama mbele ya moto wakiwa na mipira mitupu. Mara nyingi umati hulitafsiri jambo hilo kuwa ni uzembe wa askari, ilhali ni matokeo ya hesabu, na tena ya maandalizi yaliyokosekana miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Mshirika wa kwanza wa zimamoto, kwa hiyo, ni mtaa. Miji mingi ya Afrika Mashariki imekua haraka kuliko mipango yake, na sehemu kubwa ya wakazi wake huishi katika maeneo ambayo nyumba zimesongamana, kuta zinagusana, na njia ya kupita ni kichochoro kinachomtosha mtu mwenye ndoo kichwani lakini hakilitoshi gari. Katika mazingira hayo askari hulazimika kuacha gari barabarani na kuvuta mpira wa maji kwa miguu, huku wakitegemea mwenyeji wa kuwaonyesha njia. Maarifa wanayoyahitaji hayamo katika ramani yoyote ya makao makuu. Yamo kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wanaojua ni uchochoro upi umezibwa na kibanda kipya, ni kisima kipi hakikauki kiangazi, ni nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea au mtoto mwenye ulemavu, na ni duka lipi linahifadhi madumu ya petroli nyuma ya pazia. Tanzania imekuwa na utaratibu wa ulinzi shirikishi, ambapo wananchi hushirikiana na polisi kulinda mitaa yao dhidi ya wahalifu, na mantiki iliyouzaa utaratibu huo inafaa kabisa kwa moto, kwa sababu moto nao huingia kupitia mlango uleule wa uzembe ambao mwizi huutumia.

Ushirikiano wa namna hiyo huanza na jambo dogo, nalo ni taarifa. Namba ya dharura ya zimamoto nchini Tanzania ni 114, lakini kuijua namba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua la kusema. Mpiga simu anatakiwa ataje mahali kwa alama ambazo mgeni anaweza kuziona, aina ya jengo, kinachoungua, kama kuna watu ndani, na barabara ambayo gari linaweza kupita, kisha asikate simu mpaka aambiwe akate. Operesheni ya anwani za makazi iliyofanyika nchini Tanzania mwaka 2022, ambayo ilizipa nyumba namba na barabara majina, ilikuwa pia mchango mkubwa kwa uokoaji, kwani mtaa wenye majina hupunguza dakika za kutafutana. Hata hivyo faida hiyo hupatikana tu pale ambapo wakazi wenyewe wanazijua anwani zao na kuyatunza mabango na namba zilizobandikwa. Aidha, anayepiga namba ya dharura kwa mzaha anapaswa kuelewa kwamba gari linaloitwa kwa uongo upande mmoja wa mji limeondolewa upande ambao labda mtoto amenaswa kweli.

Upo ushahidi kwamba mtaa wenye watu maskini unaweza kulindwa kwa kuwaunganisha majirani na teknolojia ya bei nafuu. Mjini Cape Town, Afrika Kusini, ambako mitaa ya mabanda huteketea mara kwa mara, vijana waliosoma katika Chuo Kikuu cha mji huo walibuni kifaa kinachoitwa Lumkani, neno la Kixhosa lenye maana ya jihadharini. Vifaa vya kawaida vya tahadhari hutambua moshi, na katika nyumba ambayo jiko, taa na kitanda vimo katika chumba kimoja, kifaa cha aina hiyo hulia kila mara chakula kinapopikwa, mpaka mwenye nyumba akiondoe kwa kuchoka. Lumkani hupima jinsi joto linavyopanda kwa ghafla, na kinapolia, vifaa vya nyumba za jirani vilivyounganishwa nacho kwa mawimbi ya redio hulia pia. Msalaba Mwekundu ulishiriki katika kuvijaribu vifaa hivyo, na majaribio hayo yalifika hadi mtaa wa Mukuru jijini Nairobi. Thamani ya kifaa hicho inatokana na wazo kwamba moto wa nyumba moja ni habari ya nyumba zote, na kwamba kengele inayomwamsha mwenye nyumba peke yake, pengine akiwa hayupo, haitoshi katika mtaa ambao ukuta mmoja hugawanya familia mbili.

Hata hivyo, ukaribu wa watu na tukio hauleti usalama wenyewe kwa wenyewe, na hapa historia ya ukanda huu ina masomo machungu. Tarehe 10 Agosti 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, na mlipuko uliofuata ulisababisha vifo vya watu zaidi ya 100, wengine wakifariki hospitalini siku na wiki kadhaa baadaye kutokana na majeraha. Msiba huo haukuwa wa kwanza wa aina yake. Huko Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kwa namna hiyohiyo. Huko Sange, Kivu Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililopinduka liliua zaidi ya watu 200. Na katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka katika bomba na kuingia kwenye mtaro wa maji yalilipuka na kuua watu wapatao 100. Majina manne, nchi tatu, na visa vinavyofanana kama mapacha.

Si haki kuwahukumu marehemu hao kwa tamaa, kama ilivyosemwa na wengi baada ya kila msiba, kwa maana dumu moja la petroli kwa kijana wa bodaboda ni mapato ya siku kadhaa, na hatari ambayo macho hayaioni haiwezi kumzuia mtu ambaye hajawahi kuelezwa kwamba ipo. Kinachowaka katika petroli ni mvuke wake, nao hutoka hata katika siku ya baridi, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini kufuata mabonde na mitaro mpaka ukutane na cheche, iwe ya sigara, ya injini ya pikipiki au ya betri inayong'olewa, na mahali ilipo cheche hiyo panaweza kuwa mbali na lori lenyewe. Mtu aliyesimama ndani ya mvuke huo amesimama tayari ndani ya moto ambao haujawashwa. Maarifa hayo yanatosha kuandikwa katika kipeperushi kimoja, lakini hayawezi kumfikia mwananchi kwa kipeperushi wakati lori limekwisha kupinduka. Yanapaswa kumfikia mapema, katika kijiwe cha bodaboda, katika mkutano wa kijiji kilicho kando ya barabara kuu, msikitini na kanisani, tena kwa kinywa cha mtu anayeaminika hapo. Kiongozi wa kijiwe aliyefundishwa na askari wa zimamoto anaweza kufanya katika dakika ya kwanza jambo ambalo hakuna askari anayeweza kulifanya akiwa umbali wa kilomita 10: kuwarudisha watu nyuma kuelekea upande upepo unakotoka, kuzima pikipiki zote, kufunga njia kwa matawi, na kupiga simu.

Mshirika wa pili ni shule, na hasa shule ya bweni, ambayo ukanda huu umeilipia kwa gharama isiyosemeka. Mwezi Juni 1994 wasichana wapatao 40 walikufa katika moto wa bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 walikufa huko Kyanguli, katika wilaya ya Machakos. Na mwezi Septemba 2024 watoto 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Huko Kyanguli ilibainika kwamba mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo, na jambo hilo linaeleza mgongano ambao kila mwalimu mkuu anaujua: nondo zinazomzuia mwizi kuingia ndizo zinazomzuia mtoto kutoka. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 uliutatua mgongano huo waziwazi, kwa kuagiza kwamba mabweni yawe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati, kwamba milango ifunguke kwa kusukumwa nje na isifungwe kwa kufuli wakati wanafunzi wamo ndani, na kwamba madirisha yasiwe na nondo. Yaliyotokea baada ya mwaka huo yanathibitisha kwamba agizo lililoandikwa vizuri haliokoi mtoto mpaka awepo mtu wa karibu anayelifuatilia kila usiku.

Mtu huyo wa karibu si mmoja. Askari wa zimamoto anaweza kufika shuleni mara moja au mbili kwa mwaka, kukagua, kufundisha matumizi ya mtungi wa kuzimia moto, na kuongoza zoezi la kutoka bwenini gizani, ambalo hulenga kuufundisha mwili njia kabla akili haijapata hofu. Lakini ni mlezi wa bweni anayejua kama vitanda vimesogezwa hadi kuziba mlango, ni fundi wa jirani anayejua kama nyaya zimeunganishwa kiholela, ni bodi ya shule inayoamua kama fedha zitakwenda kwenye mlango wa pili au kwenye rangi ya ukuta wa mbele, na ni wanafunzi wenyewe, hasa wale wa skauti na klabu za usalama, wanaojua nani huwasha mshumaa usiku ili asome. Mzazi anayekwenda siku ya kutembelea watoto ana haki, na kwa hakika ana wajibu, wa kuomba kuonyeshwa bweni na kuuliza swali moja: usiku wa manane, mtoto huyu atatokea wapi?

Mshirika wa tatu ni soko. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na ambalo lilikuwa moyo wa biashara si wa jiji hilo tu bali wa nchi jirani zinazonunua bidhaa hapo. Soko ni mahali pagumu kulindwa kwa sababu mali iliyomo ni ya watu wengi na wajibu ni wa kila mtu, na kwa desturi wajibu wa kila mtu huishia kuwa wa asiyekuwepo. Mchana soko lina macho elfu. Usiku lina mlinzi mmoja, jiko la mkaa lililofunikwa nusunusu, friji zilizoachwa zikinguruma, na waya mmoja ulioongezewa soketi juu ya soketi na kishoka, yaani fundi asiye na leseni anayejifanya mtumishi wa shirika la umeme. Waya unaobebeshwa umeme kupita uwezo wake hupata joto, joto huyeyusha ganda lake, na cheche ya kwanza huruka wakati hakuna wa kuiona.

Katika mazingira hayo ukaguzi wa zimamoto una maana mbili zinazoshindana. Mfanyabiashara anaweza kumwona mkaguzi kuwa ni mtoza ada mwingine katika msururu wa watoza ada, akalipa, akapokea cheti, na kukitundika juu ya mlango wa dharura alioufunga kwa shehena. Au anaweza kumwona kuwa ni daktari aliyekuja kupima ugonjwa kabla haujaua. Maana ipi itashinda hutegemea pande zote mbili. Mkaguzi anayeeleza sababu ya kila agizo, anayekutana kwanza na umoja wa wafanyabiashara, na anayerudi baada ya mwezi kuona kilichotekelezwa bila kudai malipo mapya, hujenga imani ambayo haipatikani kwa faini. Umoja wa wafanyabiashara kwa upande wake unaweza kufanya yale ambayo serikali haiwezi kuyafanya kila siku: kugawa zamu za kuzima swichi kuu jioni, kumfundisha mlinzi wa usiku na kumpa filimbi na simu yenye salio, kuingia mkataba na fundi mmoja mwenye leseni, na kuweka katika fungu la pamoja fedha za mitungi ya kuzimia moto na za bima, maana mtaji uliojengwa kwa miaka 20 huweza kuwa jivu kabla ya alfajiri.

Jikoni nako kuna mshirika mpya anayehitaji kufundishwa mapema, naye ni muuza gesi. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na lengo hilo ni jema kwa misitu na kwa mapafu ya akina mama. Lakini kila nishati huja na adabu yake, na familia iliyozoea kuni kwa vizazi vingi haiwezi kuijua adabu ya gesi kwa kubahatisha. Gesi ya mitungi haina harufu ya asili, na harufu kali inayosikika imeongezwa kwa makusudi ili ivujapo ijulikane. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama sakafuni, na chumba kinachonuka hakitakiwi kuwashwa taa wala kuzimwa taa, bali mtungi ufungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na watu watoke. Vilevile mafuta ya kukaangia yakishika moto, maji ni adui, kwa sababu huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi usoni mwa mpishi. Dawa yake ni kuzima jiko, kufunika sufuria na kutoigusa mpaka ipoe. Duka linalouza mtungi bila maelezo hayo limeuza nusu ya bidhaa, na zimamoto ikishirikiana na wauzaji, na vikoba vinavyowakopesha akina mama majiko, inaweza kuifikisha elimu hiyo jikoni siku ileile mtungi unapoingia.

Ushirikiano huo hauishii mijini. Moto ulipozuka katika Mlima Kilimanjaro mwezi Oktoba 2020 na kuunguza eneo lipatalo kilomita za mraba 95, magari ya zimamoto hayakuwa na njia ya kupanda huko, na kazi ilifanywa na mamia ya watu waliokwenda kwa miguu: askari wa hifadhi na wa zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, na wanavijiji wa miteremko ya mlima huo, wakipiga moto kwa matawi na kukata nyasi ili kuunyima kitu cha kuungua. Vijiji hivyo vinanywa na kumwagilia maji yanayoshuka kutoka katika msitu uleule, na hiyo ndiyo sababu ya kudumu ya ushirikiano wowote wa kweli, kwamba anayelinda anajua anacholinda.

Pamoja na hayo yote, ni lazima mpaka uwekwe, kwa kuwa neno ushirikiano linaweza kutumiwa kuhamisha mzigo kutoka kwa aliyepewa kisheria kwenda kwa asiye na uwezo. Jirani mwenye ndoo hawezi kuchukua nafasi ya haidranti, yaani bomba maalumu la barabarani ambalo gari la zimamoto huunganisha nalo mpira wake ili kujaza maji. Mamlaka ya maji ndiyo inayopaswa kuliweka, kulitunza na kuzuia lisifukiwe na ujenzi au kujengewa kibanda juu yake. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kufungua barabara iliyomezwa na majengo ikiwa mamlaka ya mipango miji inaendelea kutoa vibali. Wala wananchi hawawezi kudaiwa imani kwa chombo ambacho hakina gari wilayani kwao, au chenye gari moja lililo gereji. Serikali inayowaomba wananchi wawe fimbo ya karibu inawajibika kuisogeza ile ya mbali, kwa vituo vidogo vilivyotawanyika, kwa pikipiki zenye vifaa vya kuzimia moto katika vichochoro, na kwa bajeti inayotambua kwamba askari wa elimu kwa umma ni askari kamili sawa na yule anayeshika mpira wa maji.

Upo msemo unaopendwa kuandikwa nyuma ya magari, kwamba ajali haina kinga, nao umefanya madhara makubwa kwa kuwapa watu pumziko la mawazo mahali panapohitaji kazi. Ajali ina kinga, na katika habari ya moto kinga hiyo inajulikana kwa majina yake: mlango wa pili, swichi iliyozimwa, ndoo ya mchanga, waya uliofungwa na fundi halali, njia isiyozibwa, mtoto aliyefundishwa kutambaa chini ya moshi kwa kuwa hewa inayovutika imebaki karibu na sakafu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji elimu ya chuo kikuu, na vingi havihitaji fedha.

Kila msikilizaji, kwa hiyo, anaombwa afanye mambo matatu kabla ya usingizi wa leo: aihifadhi namba 114, au namba ya zimamoto ya mahali alipo, katika simu yake na katika simu ya kila mtu mzima wa nyumba yake, aizunguke nyumba na kuhakikisha kwamba kila anayelala humo ana njia mbili za kutoka, na kwamba ufunguo wa kila kufuli ya ndani unajulikana ulipo hata gizani, na kesho akutane na jirani yake na mjumbe wake ili wakubaliane nani atapiga simu, nani atazima umeme, nani atawatoa wazee na watoto, na nani atasimama barabarani kulipokea gari. Siku ambayo gari la zimamoto litafika mtaani na kukuta majirani wamekwisha kuuzima moto, watu wote wakiwa wamehesabiwa na wako salama, safari hiyo isihesabiwe kuwa ya bure, kwa maana ndiyo safari ambayo kila askari wa zimamoto huiombea.